Kazi ya Kalamu, ya Mkono au ya Kujiajiri: Ipi Inaacha Nafasi ya Nyumba?

Maandishi ya mazungumzo kwa wazazi, walezi na vijana waliomaliza shule, Mtangawanda, Wadi ya Faza, Lamu Mashariki



Kila mwaka matokeo ya mtihani yanapotoka, swali moja huingia katika kila nyumba ya kisiwa cha Pate: mtoto aende wapi? Familia moja hutaka chuo kikuu kwa gharama yoyote, hata ikibidi kuuza shamba la minazi. Nyingine humpeleka kijana kwa fundi. Nyingine humwambia, ngarawa ile pale, bahari ile pale. Mara nyingi hesabu inayofanywa ni moja tu, nayo ni ya mshahara. Ya pili husahaulika. Kazi hiyo itamwachia saa ngapi za kukaa na watoto wake, kumuuguza mzazi, kusali jamaa na kulala usingizi? Mazungumzo haya yanahusu hesabu hiyo ya pili.

Lisidhaniwe kuwa ni jambo la watu wa mjini wenye nafasi. Mtangawanda inalijua sana. Mvuvi akienda dago, mke hubaki wiki kadhaa akiwa mama na baba. Aliyepata kazi bara, au ng'ambo katika nchi za Ghuba, hutuma pesa kila mwezi, lakini mtoto wake humjua kwa sauti ya simu. Pesa inaingia, nyumba inakonda. Upande mwingine yuko aliyebaki nyumbani na watu wake, ila hana karo. Wote wawili wamepungukiwa.

Maswali matatu husaidia kupima kazi yoyote. La kwanza: saa za kazi hiyo ni za nani? La pili: kazi iko wapi, na ni safari ya kiasi gani kurudi nyumbani? La tatu: siku ikiharibika, hasara inamwangukia nani? Kila njia ina jibu lake, na hakuna iliyo tamu kwa maswali yote matatu.

KAZI YA KALAMU

Kazi ya kalamu ni ile inayotanguliwa na miaka mingi darasani: ualimu, uuguzi, uhasibu, sheria, utafiti, kazi ya ofisi. Kwa kawaida, kuingia shahada huhitaji alama ya C+ katika KCSE, na diploma C-.

Faida yake kubwa haiko katika mshahara peke yake. Iko katika sheria inayomlinda mwajiriwa. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa angalau siku moja ya mapumziko katika kila saba, na likizo yenye malipo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka. Mama aliyejifungua hupata miezi mitatu yenye malipo, na baba wiki mbili. Akiugua baada ya kufanya kazi miezi miwili mfululizo, ana haki ya siku saba za malipo kamili na saba za nusu malipo kwa mwaka. Akiumia kazini, iko Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007. Kwa swali la tatu, basi, kazi ya kuajiriwa inajibu vizuri: siku mbaya hugawanywa kati ya mfanyakazi na mwajiri.

Kwa swali la pili mambo hubadilika. Mwalimu hapangiwi kituo kwa kuwa mama yake yuko Mtangawanda. Anaweza kupelekwa Witu, Garsen au mbali zaidi, na kurudi kwake kunategemea gari, kisha boti, kisha maji. Kila anayesafiri baharini anajua kuwa saa ya maji kujaa husogea kila siku. Likizo ya siku mbili kwa mtu wa bara ni siku mbili. Kwa mtu wa Pate huenda ikawa usiku mmoja.

Kuna na miaka ya kungoja. Wengi humaliza chuo wakangoja ajira muda mrefu, na walimu wengi wapya wa sekondari ya chini wameanza kama wanagenzi kwa Sh20,000 kwa mwezi. Anayechagua kalamu achague huku akijua kuwa miaka minne ya chuo inaweza kufuatwa na miaka mingine ya subira. Miaka hiyo ndiyo wenzake wanaoa, wanajenga na kulea.

Jambo la mwisho ni kuwa si kila kazi ya kalamu huisha saa kumi na moja jioni. Mwalimu hubeba madaftari nyumbani, muuguzi hukesha zamu, na mhadhiri husahihisha karatasi usiku na kuandika utafiti wake wakati wa likizo. Saa za ofisi zimeandikwa, lakini fikra haina kengele ya kufungia.

KAZI YA MKONO

Lamu ni kaunti ya mafundi tangu kale. Siyu ilijulikana kwa ngozi, viatu na panga. Matondoni ni kijiji cha majahazi na mikeka. Milango ya kuchongwa ni sehemu ya sifa iliyoufanya Mji wa Kale wa Lamu uingizwe katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001. Mwaka 2018 mafundi wakiongozwa na Ali Skanda waliteremsha majini Flipflopi, jahazi lililoundwa kwa taka za plastiki na kufunikwa kwa malapa yaliyookotwa fuoni. Mwaka 2019 lilisafiri mpaka Unguja. Hilo ni jahazi la kienyeji, kwa ujuzi wa kienyeji, na dunia nzima ililitazama.

Siku hizi kazi za mkono zimeongezeka. Mashine za boti zinahitaji fundi, na paneli za jua juu ya mapaa zinahitaji mtu wa kuziunga na kuzitengeneza. Friji za samaki, mabomba, simu, uashi, useremala, ushonaji, zote zina wateja kisiwani. Mashine ikiharibika Kizingitini, mwenye boti hawezi kungoja fundi wa Mombasa.

Kwa swali la pili, ufundi unajibu vizuri kuliko kalamu. Fundi hufuata kazi ndani ya kisiwa na jioni akala kwake. Kwa swali la kwanza, jibu ni la wastani. Saa ni zake kwa kiasi, lakini mteja wa boti iliyokwama hamngoji amalize chai. Kwa swali la tatu, fundi yuko wazi kwenye upepo. Mgongo ukishikwa, jicho likiingia cheche, hakuna likizo ya ugonjwa.

Tena mwili una umri. Seremala wa miaka 25 na wa miaka 55 hawabebi gogo sawa. Fundi mwenye busara huanza mapema kufundisha wanafunzi na kuhamia katika kazi ya kupima, kukadiria na kusimamia, kabla magoti hayajamlazimisha.

Ipo na hatari ya kutegemea mali moja au kibali kimoja. Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na vizazi vimeishi kwa fito, pau, mazio na boriti. Lakini mwaka 1982 uuzaji wa boriti nchi za nje ulipigwa marufuku, na Februari 2018 serikali iliposimamisha ukataji katika misitu ya umma, wakataji wa mikoko wa Lamu nao waliweka shoka chini. Hawakuwa wamekosa ujuzi. Walikuwa na kazi yenye mlango mmoja, na mlango huo ulifungwa. Fundi anayejua mbao, na pia faiba na plastiki, ana milango mitatu.

KUJIAJIRI

Kujiajiri husifiwa kwa neno moja: uhuru. Mwenye duka hufungua atakapo, mvuvi hana bosi, mwenye bodaboda hajazi fomu ya ruhusa. Kwa nje, swali la kwanza limejibiwa kabisa.

Ndani kuna zaidi. Mvuvi anayekopeshwa nyavu, mafuta na barafu na tajiri huuza samaki kwa tajiri huyo, kwa bei ya tajiri huyo, mpaka deni liishe, na mara nyingi deni haliishi. Huyo amejiajiri kwa jina tu. Mwenye duka asiyekuwa na msaidizi hawezi kwenda hospitali na mtoto bila kufunga na kupoteza wateja wa siku. Uhuru wa kweli katika kujiajiri hupimwa kwa jambo moja: mwenye kazi akikosekana siku tatu, kazi inaendelea au inakufa?

Hasara nayo ni yake peke yake. Ujenzi wa bandari mpya ya Lamu ulipoathiri maeneo ya uvuvi, wavuvi walilazimika kwenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru fidia ya Sh1.76 bilioni kwa wavuvi wapatao 4,600. Funzo lake kwa kila aliyejiajiri ni hili: lazima ajulikane. Jina liwe katika BMU ya pwani yake, biashara iwe na leseni, mauzo yawe yameandikwa daftarini. Asiyeandikwa popote hana pa kuanzia anapodai haki.

Akina mama wa Mtangawanda wanaopanda na kurejesha mikoko wameonyesha njia nyingine ya kujiajiri: kwa kundi. Kupanda mikoko hufuata maji yakitoka, kwa hiyo saa hujulikana mapema na mahali ni karibu na nyumbani. Bahari haiulizi kama mtoto ana homa, lakini kundi huuliza. Mmoja akikosa, mwenzake hushika miche yake. Hapo ndipo kundi linapotoa kitu ambacho mtu mmoja aliyejiajiri hana, yaani nafasi ya kuugua.

HESABU MBILI KWENYE KARATASI MOJA

Mfano ufuatao ni wa kuonyesha tu. Kila familia iweke tarakimu zake.

Kijana wa kwanza ameajiriwa bara kwa Sh20,000 kwa mwezi. Hukatwa NSSF asilimia 6 (Sh1,200), bima ya afya ya SHA asilimia 2.75 (Sh550) na ushuru wa nyumba asilimia 1.5 (Sh300). Hubaki na Sh17,950. Akilipa kodi ya chumba Sh4,000, chakula Sh7,000 na nauli Sh2,000, mkononi mna Sh4,950. Kwa upande mwingine, mwajiri humwongezea Sh1,200 za NSSF kila mwezi, na akiugua wiki moja mshahara haupungui.

Kijana wa pili ni fundi anayelala kwao Mtangawanda. Hupata Sh1,500 kwa siku, lakini mwezi huo amepata siku 14 tu za kazi: Sh21,000. Vifaa, nauli na simu vimekula Sh4,000. Akiwa amepimwa kulipa kiwango cha chini cha SHA, ni Sh300 kwa mwezi, ingawa aliyejiajiri hulipia mwaka mzima pamoja. Akiweka Sh25 kwa siku katika Haba Haba ya NSSF, ni Sh750. Akitoa Sh7,000 za chakula cha nyumbani, anabaki na Sh8,950, na kila usiku yuko na watu wake.

Mwezi wa kusi kali au wa homa, fundi huyo huyo akafanya siku tano tu, hupata Sh7,500. Vifaa, SHA na akiba vikitolewa, hubaki Sh2,450, na chakula cha nyumba hakitoshi. Hapo ndipo watu hukopa, na mkopo ndio hula amani ya nyumba.

Kwa hiyo aliyejiajiri na fundi wasilinganishe mwezi wao mzuri na mshahara wa mwalimu. Walinganishe mwaka mzima, kaskazi na kusi. Tena waweke kando fungu la mwezi mbaya kabla hawajanunua kitu cha mwezi mzuri. Kwa wale wanaojiepusha na riba, mchezo wa akina mama na chama cha kuweka akiba vinafanya kazi hiyo bila riba, mradi vina daftari na mashahidi.

KAZI AMBAYO HAILIPWI

Uwiano wa kazi na nyumba hauwezi kuzungumzwa bila kutaja nani anafanya kazi ya nyumbani. Maji, kuni, kupika, watoto, wagonjwa na wazee: nyumba nyingi zimemwachia mama na binti mkubwa. Binti anayechagua kushona nyumbani huambiwa amepata kazi rahisi kwa kuwa yuko karibu. Ukweli ni kuwa amepata kazi mbili. Cherehani husimama kila mtu anapoita, nguo ya mteja huchelewa, na mwisho husemwa hana bidii.

Familia inayotaka binti yake afanikiwe akiwa nyumbani impe saa. Baina ya saa tatu na saa sita mchana asiitwe, kama vile asingeitwa akiwa ofisini. Baba anayerudi kutoka baharini maji yakiwa mafu, na yuko nyumbani siku kadhaa, ana nafasi ya kuwapeleka watoto kliniki na madrasa. Katiba ya 2010 imeziweka elimu ya chekechea, vituo vya malezi ya watoto na vyuo vya ufundi vya vijiji chini ya kaunti. Mambo haya matatu yamekaa pamoja, na inafaa yatumiwe pamoja: mama hasomi ufundi kama mtoto hana pa kukaa.

SI LAZIMA NJIA IWE MOJA

Husemwa mshika mbili moja humponyoka. Hata hivyo watu wa kisiwa hiki wameshika mbili kwa karne nyingi. Kaskazi huvua, mvua za mwaka zikinyesha hulima, bamvua ikitoa mwamba hutafuta pweza. Siyu hiyo hiyo ya viatu na panga ilikuwa na wanakili wa misahafu ambao kazi yao ilikuwa elimu na ufundi wa mkono kwa pamoja. Kinachoponyoka ni mbili zinazogombania saa moja. Zinazopokezana misimu hukaa.

Mifano ya mchanganyiko unaowezekana ni mingi. Fundi wa mashine anaweza kusomea diploma polepole na baadaye kuwa mwalimu wa ufundi. Mwalimu wa kudumu anaweza kumiliki sehemu ya boti, mradi yupo wa kuisimamia. Mvuvi wa miaka 40 aliyechoka dago anaweza kuhamia kwenye kuhifadhi na kuuza samaki. Uamuzi wa miaka 18 haufungi milango yote, ila unapaswa kuacha mmoja wazi.

Serikali nayo imeanza kupanga hivyo. Wanafunzi wa Gredi ya 10, walioanza Januari 2026, huchagua mmoja kati ya mikondo mitatu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati; Sayansi za Jamii; au Sanaa na Sayansi ya Michezo. Mzazi asichague mkondo kwa jina lenye heshima. Amtazame mtoto anafanya nini asipotumwa.

Kwa aliyejifunza kazi pwani bila darasa, mlango upo. NITA hutoa mitihani ya ufundi ya daraja la tatu, la pili na la kwanza, na utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya shule uko chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Sifa za Masomo, KNQA. Fundi wa miaka 20 ya kazi mwenye cheti anaweza kuomba zabuni, na vijana, wanawake na watu wenye ulemavu wametengewa asilimia 30 ya ununuzi wa serikali. Ujuzi bila karatasi hulipwa kwa siku. Ukiwa na karatasi huweza kulipwa kwa mkataba.

KABLA YA KUAMUA

Familia ikae kitako, kijana akiwepo na akisikilizwa, ijibu maswali haya:

1. Baada ya miaka kumi, kijana anataka kulala wapi usiku wa kawaida?
2. Mzazi akiugua, nani ataweza kufika, na kwa muda gani?
3. Gharama yote ya masomo ni kiasi gani, na miaka ya kungoja kazi italipiwa na nani?
4. Kazi hii ikisimama miezi mitatu, mkono wa pili ni upi?
5. Mwili utaiweza kazi hii mpaka umri gani, na baada ya hapo?
6. Nani atafanya kazi ya nyumbani, na je, ameulizwa?

Kijana asiyeweza kujibu asilaumiwe. Apewe mwezi mmoja akae na mwalimu, mwezi mmoja na fundi, mwezi mmoja na mfanyabiashara. Miezi mitatu ya kutazama ni nafuu kuliko miaka minne ya kujuta.

Hatua za kwanza ni nyepesi. Kitambulisho kiwe tayari, pamoja na vyeti vya shule na cheti cha kuzaliwa. Habari za bursari na vyuo vya ufundi vya kaunti ziulizwe ofisi ya wadi Faza. Mvuvi ahakikishe jina lake lipo BMU. Kila aliyejiajiri ajiandikishe SHA kabla hajaugua, kwa sababu akishaugua, deni la hospitali ndilo humwamulia kazi ya kufanya.

Kalamu, mkono na biashara zote ni kazi za heshima. Iliyo bora kwa mtu ni ile inayomlisha na bado ikamrudisha kwake akiwa na nguvu ya kumsikiliza mtoto wake. Vijana wa Mtangawanda wanastahili kupata yote mawili, na wazazi wao wanastahili kuwaona.